Kwa nini ubao wa 4x2 haufiki inchi 4 kwa 2

Mtu wa Majengo, Nairobi, akitaka kubadilisha paa hana haja ya kupanda matatu. Hushuka kwa miguu hadi Gikomba, akapita mitumba, na harufu ya mbao mbichi ikamwonyesha njia iliyobaki. Pale huagiza "fo bai tuu" futi 600, akalipa, mkokoteni ukabeba. Nyumbani fundi akifungua futi kamba juu ya ubao ule ule husoma inchi 3 na nusu upana, inchi 1 na nusu unene. Mwingine 3 na robo tatu kwa 1 na robo tatu. Mwingine ncha moja hivi na ncha ya pili vile. Hapo ndipo maneno huanza: mwenye nyumba amepunjwa yadini, au fundi amezibadilisha mbao usiku?

Mara nyingi fundi huteseka bure. Swali hili limewasumbua wanunuzi wa mbao ulimwengu mzima kwa zaidi ya miaka 100, na jibu lake lina sehemu mbili. Kuna upungufu wa haki, unaotokana na msumeno, maji na randa. Na kuna upungufu mwingine unaojificha nyuma ya huo wa haki. Anayejua wa kwanza ni mkubwa kiasi gani ndiye awezaye kuutambua wa pili, na ndiyo maana inafaa kuyaeleza haya kwa hesabu badala ya kwa hasira.

Msumeno hula chake kwanza

Kila msumeno hugeuza kuwa vumbi upana ule wa meno yake. Msumeno wa mkanda, ule mwembamba wa viwanda vizuri, hula kama milimita 2. Msumeno wa duara wa kiwanda cha kawaida hula 5 hivi. Msumeno wa mnyororo, ambao wengi wetu twauita pawa-soo, hula milimita 8 hadi 10. Ubao wa inchi 1 ni milimita 25.4. Maana yake, kwa msumeno wa duara, kila ukipasua mbao 5 za inchi 1, ya sita imekwisha kuwa vumbi chini ya meza. Kwa pawa-soo ni kila mbao 3.

Vumbi hilo lazima mtu alilipie. Mpasuaji mwaminifu huliweka katika bei: hupiga mistari yake kwa inchi 2 pamoja na njia ya msumeno, na ubao hutoka na inchi 2 zake. Asiyetaka kulilipia hupiga mistari kila inchi 2 kamili, msumeno ukapita juu ya mstari, na kila ubao ukatoka inchi 2 kasoro. Gogo limetoa idadi ile ile aliyoiandika daftarini, na jina la "inchi 2" limebaki palepale.

Pawa-soo ina tatizo jingine: haina meza wala reli. Imeshikwa kwa mikono na mtu aliyesimama msituni tangu alfajiri. Ndiyo sababu ubao wake huanza na inchi 2 ukamaliza na 1 na nusu, na ukiulaza chini huyumba kama mtumbwi. Huwa rahisi kwa bei, na urahisi huo una sababu.

Halafu maji

Mti uliokatwa leo umejaa maji. Yale yaliyo huru ndani ya matundu ya mti yakitoka, ubao hupungua uzito tu, haupungui ukubwa. Lakini unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30, maji yaanza kutoka ndani ya kuta za nyuzi zenyewe, na hapo ubao husinyaa. Mbao laini kama saipras na paini hupoteza kati ya asilimia 3 na 5 ya upana wake hadi zikauke sawasawa. Mkaratusi husinyaa zaidi, na hupinda na kupasuka juu yake. Mvule husinyaa kidogo, na ni moja ya sababu mafundi wa milango waliupenda.

Chukua asilimia 4 ya inchi 4: ni kama moja ya sita ya inchi, yaani thumni na ushei. Huo ndio udhuru wote wa ukaukaji kwa ubao wa inchi 4. Si nusu inchi.

Na jambo ambalo wauzaji wachache watakuambia: ubao karibu hausinyai kabisa kwa urefu. Ni kama sehemu 1 kwa 1,000. Ubao wa futi 12 hautapoteza hata robo ya inchi. Basi ukipima ubao wa "futi 12" ukakuta futi 11 na inchi 8, usikubali kuambiwa umekauka.

Wasomaji wa pwani wanalijua jambo hili kwa njia ya kinyume chake. Mlango uliotengenezwa Nairobi wakati wa ukavu ukapelekwa Lamu au Mombasa huanza kukwama kwenye fremu miezi michache baadaye, kwa kuwa mbao hunywa unyevu wa hewa ya bahari na kuvimba. Mwenye mlango humlaumu seremala. Ubao haujui umeuzwa. Huendelea kunywa na kutoa maji maisha yake yote.

Na mwisho randa

Mbao za dari, fremu na samani hupigwa randa. Mashine ya randa huondoa kama thumni kila upande, na pande ziko mbili, kwa hiyo robo ya inchi huondoka. Sasa jumlisha. Ubao uliopasuliwa inchi 4 kamili, ukakauka, ukapigwa randa pande zote, hubaki na inchi 3 na nusu na kitu kidogo. Unene wa inchi 2 hubaki 1 na robo tatu kasoro kidogo, na mashine ikiwa na uchu, 1 na nusu.

Hapa ndipo hesabu inapofaa. Kipimo cha 3 na nusu kwa 1 na nusu ni cha halali kwa ubao mkavu uliopigwa randa. Ubao mbichi, bado una maji, una mikwaruzo ya msumeno pande zote 4, randa haijaugusa, nao ni 3 na nusu kwa 1 na nusu, hauna udhuru hata mmoja kati ya mitatu tuliyoitaja isipokuwa njia ya msumeno. Na bado utasinyaa juu ya paa lako.

Marekani walivyoandika

Neno "tuu bai fo" lilizoeleka huko Marekani, nao husema 2x4 mahali sisi twasema 4x2. Zamani mbao zilipasuliwa karibu na mjenzi, zikauzwa mbichi na bila randa, na jina lilikaribiana na kipimo. Misitu ya karibu ilipokwisha, mbao zikawa zasafiri mbali kwa gari la moshi, na reli hutoza kwa uzito. Kwa nini ulipie nauli ya maji na ya mbao itakayoondolewa na randa mwisho wa safari? Viwanda vikaanza kukausha na kupiga randa kabla ya kupakia, kila kimoja kwa kipimo chake. Fujo ilipozidi, wenye viwanda wakakutana na Wizara ya Biashara, wakati huo chini ya Herbert Hoover, na mwaka 1924 kikatoka kiwango cha kwanza cha taifa: 2x4 itakuwa inchi 1 na 5/8 kwa 3 na 5/8. Baada ya mabishano marefu, kiwango cha 1970 kikashusha hadi 1 na nusu kwa 3 na nusu, na hapo ndipo ilipo mpaka leo.

Kwa hiyo Mmarekani naye huuziwa "2" isiyo 2. Mwaka 2017 wanunuzi walifungua kesi dhidi ya maduka ya Menards na Home Depot wakidai kwamba nguzo za 4x4 zilikuwa inchi 3 na nusu tu kila upande. Kesi dhidi ya Menards, iliyosikilizwa Chicago, ilitupiliwa mbali mwaka huo huo. Na mtu asikimbilie kusema mahakama iliwapendelea matajiri. Kule jina lina tarakimu iliyoandikwa nyuma yake. Kila ubao wa 2x4 katika nchi nzima ni 1 na nusu kwa 3 na nusu, majedwali ya wahandisi yamepigwa kwa kipimo hicho, na mjenzi anayeweka mbao zake umbali fulani anajua anahesabu nini.

Gikomba jina limekuja, tarakimu ya nyuma yake haikuja nalo. Hilo ndilo tatizo letu hasa.

Tulikuwa na majina yasiyojifanya nambari

Kabla ya inchi, pwani ilikuwa na biashara ya mbao iliyovuka bahari. Mikoko ya Lamu na ya Rufiji ilijenga nyumba za mawe za kwetu na za Ghuba, ambako nguzo hizo huitwa chandali. Kila unene una jina lake: fito ndiyo nyembamba kabisa, kisha pau, mazio, boriti, nguzo, na kuendelea. Pau ni ya kati ya sentimita 4 na 7.5 hivi kwa kipenyo, mazio 8 hadi 11, boriti 11.5 hadi 13.5. Huuzwa kwa korija, yaani 20 kwa mara moja. Urefu wa boriti ndio uliofanya vyumba vya nyumba zile kuwa virefu na vyembamba, upana usiozidi mita 3 hivi.

Tazama tofauti. Anayenunua korija ya boriti hakuahidiwa nambari. Ameahidiwa daraja, na ndani ya daraja nyembamba na nene zote zimo. Hakuna anayelalamika kwamba boriti moja ni sentimita 12 na nyingine 13. Jina "4x2" hufanya kazi kwa namna ile ile, ni jina la daraja, ila limevaa nguo za nambari, na mnunuzi huliamini kama nambari.

Si kwamba wazee hawakugombana kuhusu vipimo. Nguo na kamba zilipimwa kwa mkono, na mkono ulikuwa wa aina mbili: mkono kamili, toka kisukusuku hadi ncha ya kidole cha kati, na mkono wa konde, toka kisukusuku hadi ngumi iliyofumbwa. Mnunuzi alipendelea wa kwanza, muuzaji wa pili, na pande zote walikuwa wakisema "mkono". Lakini waliulizana kwanza: mkono upi? Swali hilo ndilo halisikiki siku hizi yadini.

Export ya mikoko ya Kenya ilipigwa marufuku mwaka 1982, na nyumba mpya za pwani nazo zikazidi kuezekwa kwa saipras kutoka bara. Kwa hiyo shida ya Gikomba ni shida ya Kongowea pia.

Unapoteza kiasi gani

Rudi kwenye futi 600. Zikiwa 4x2 kamili ni futi za ujazo 33 na theluthi. Zikiwa 3 na nusu kwa 1 na nusu ni chini kidogo ya 22. Kwa kila shilingi 100 uliyotoa umepata mbao ya shilingi 66. Robo na nusu inchi zinaonekana ndogo kwa jicho, lakini hupunguzwa pande mbili kwa mpigo, ndipo theluthi nzima hupotea.

Pesa ni upande mmoja. Upande wa pili uko juu ya kichwa chako. Ubao uliosimamishwa kwa ubavu hubeba mzigo kulingana na unene wake mara kimo chake mara kimo chake tena. Kwa 4x2 kamili: 2 mara 4 mara 4 ni 32. Kwa ule mwembamba: 1.5 mara 3.5 mara 3.5 ni 18 na ushei. Nguvu imebaki asilimia 57. Kubonyea ni kubaya zaidi, kwa kuwa kimo huhesabiwa mara 3, na ule mwembamba ni mgumu nusu tu ya ule kamili. Ikiwa fundi amezoea umbali aliofundishwa na mwalimu wake enzi za mbao kamili, anaendelea kutenga kenchi umbali ule ule kwa mbao zenye ugumu nusu. Paa halianguki siku hiyo. Hubonyea polepole, mabati yakafunguka kwenye misumari, na mvua ya Aprili ikapata njia.

Ramani za wasanifu zina tofauti ndogo ya kwao. Huandika milimita 100 kwa 50, si inchi. Inchi 4 ni milimita 101.6 na inchi 2 ni 50.8, kwa hiyo ubao wa 100 kwa 50 ni mdogo kuliko 4x2 kamili kwa asilimia 3. Hiyo ni sawa, mhandisi amehesabu kwa 100 kwa 50. Ila ukiipeleka ramani hiyo yadini, utapewa "fo bai tuu" ya siku hiyo.

Kwa nini siku hizi zaidi

Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Katazo lililotajwa kuwa la siku 90 lilidumu zaidi ya miaka 5, hadi Rais William Ruto alipotangaza Julai 2023 kuliondoa. Katikati ya muda huo yadi ziliishi kwa miti ya mashamba ya watu na paini kutoka Tanzania, ambako msitu wa kupandwa wa Sao Hill kule Mufindi ndio mkubwa kuliko yote. Mti wa shambani mara nyingi hukatwa mchanga. Gogo jembamba likilazimishwa kutoa 4x2 mbili hutoa zenye kona za gamba, au hutoa nyembamba. Si kila muuzaji wa Gikomba ni mpunjaji. Wengi hununua kutoka kwa lori kwa jina lile lile la 4x2 na kuuza walivyouziwa. Ila yule aliyepima alipokuwa akinunua, na asipime anapouza, huyo anajua anachofanya.

Kuhusu haki yako, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupata maelezo yanayohitajika. Sheria ya Maelezo ya Bidhaa, Sura ya 505, inakataza kuuza kitu kwa maelezo ya uongo, ukubwa ukiwemo. Shirika la Viwango, KEBS, lina viwango vya mbao. Lakini ni nadra kuona ubao wa yadi wenye muhuri, na sijaona mtu akienda kortini kwa robo inchi. Kinga ya kweli iko kabla ya kulipa.

Maongezi yenyewe hayahitaji ugomvi. "Mzee wangu, hii 4x2 ni ya kiwanda au ya pawa-soo?" Akijibu, mwulize: "Ni kamili, au ni saizi ya soko?" Wauzaji huelewa neno hilo mara moja, na wengi wana rundo mbili zenye bei mbili. Kisha toa futi kamba yako, si yake. Pima ncha zote mbili na katikati, na uchague mbao toka katikati ya rundo, kwani za juu zimewekwa kwa macho yako. Bonyeza ukucha: ukitoa unyevu, ubao bado utasinyaa thumni. Kama ni 3 na nusu kwa 1 na nusu, si lazima uondoke. Toa bei ya theluthi mbili, au mwambie fundi asogeze kenchi karibu zaidi na ununue futi nyingi. Andika kwenye risiti kipimo ulichopima, si jina. Na mbao zote za kazi moja zitoke rundo moja, kwa kuwa 2x2 za dari zenye unene tofauti hutoa dari yenye mawimbi ambayo rangi haiyafichi.

Neno moja kwa wenye nyumba za zamani za Majengo, zile za ukumbi wa katikati na vyumba kulia na kushoto, zilizojengwa kwa mtindo wa kwetu tangu Pumwani ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Nyingi zimekwisha kubadilishwa mapaa zaidi ya mara moja, na mbao za zamani zilizosalia huwa nene kuliko za leo. Ukiondoa ubao mmoja uliooza na kuweka mpya, bati litashuka pale kwa nusu inchi na maji yatasimama. Mwambie fundi aupigie ule mpya ubao mwembamba mgongoni hadi ulingane na wenzake kabla ya kurudisha bati, au anunue 5x2 na kuichonga. Vipimo vya kuchonga avichukue kwenye ubao wa zamani wenyewe.